Nilijua Ukweli wa Vipele Vile, Nikanyamaza

Nina miaka sabini na moja. Naishi Handeni, katika nyumba ya vyumba viwili. Kimoja nalala, kingine hakina mtu. Mume sina. Mtoto nilijaliwa mmoja tu, naye ametangulia mbele ya haki miaka mingi iliyopita...

Msinihurumie haraka, wasomaji wenzangu. Someni kwanza hadi mwisho. Wengi huandika hapa jinsi walivyosalitiwa, na mimi huwasoma nikalia nao. Lakini katika mkasa huu wangu, aliyesaliti ni mimi!

Nilizaliwa Mazingara, wazazi wangu wakiwa wakulima wa mahindi. Nilipofika miaka kumi na minane niliolewa Kwedizinga, huku huku Handeni, na kijana anayeitwa Athumani, mtu mpole, mwana wa pekee wa mama yake. Ilikuwa miaka ile ya Ujamaa. Watu walikuwa wameondolewa kwenye makazi ya zamani, ambako kila ukoo ulikaa na mashamba yake, wakapangwa kwenye kijiji kipya, nyumba zikitazamana mstari kwa mstari. Siku kadhaa za juma ni shamba la kijiji, siku zinazobaki ndipo unalima lako. Ukitoka mlangoni unaonana uso kwa uso na watu usiowajua.

Nyumba yetu tulikaa watatu, mimi, Athumani na mama mkwe, Bi Mwanahamisi. Mama mkwe alikuwa mtu wa maneno machache, ila macho yake yalikuona kila unapopita. Kwetu nilizoea nyumba iliyojaa dada na shangazi, kicheko tangu asubuhi. Pale nilikuwa nashinda nimekaa na ungo wangu, nasikiliza jirani akitwanga.

Jirani huyo ndiye Mwajabu.

Mwajabu alikuwa Msambaa, kwao Mpale, upande wa Korogwe. Aliolewa na mtu wa Kwedizinga, mumewe akafa kwa homa, akabaki na watoto wawili wa kike na kiwanja alichopewa marehemu wakati wa kuhamia kijijini. Alinizidi miaka sita au saba. Siku ya tatu tangu niolewe alivuka njia na bakuli la kisamvu, akaniambia ameona moshi wangu unatoka lakini hajasikia sauti yangu, akaja kuangalia kama nipo. Nilicheka. Nilikuwa sijacheka tangu nitoke kwetu.

Kuanzia siku ile nikamwita dada. Tulikwenda kuteka maji pamoja, kuni pamoja, shamba la kijiji pamoja. Yeye alinicheka ninavyozungumza Kiswahili kama nazungumza Kizigua, mimi nikamcheka Kishambaa chake. Nikiumwa tumbo alijua kabla sijasema. Mama yangu mzazi alikuwa mbali, na Mwajabu akawa ndiye mama, ndiye dada, ndiye kila kitu...

Wakati huo serikali ilikuwa inataka kila mtu mzima ajue kusoma na kuandika. Kijijini kwetu kisomo kilifanyika alasiri, katika darasa la shule ya msingi, watoto wakishamaliza masomo yao. Mwajabu alikuwa ameanza. Nilipomwona anaandika jina lake kwa kijiti kwenye vumbi, moyo uliniwaka. Nikamwomba Athumani, akakubali, nikaanza na mimi.

Miezi michache baadaye nikapata mimba. Furaha ilioje! Athumani alikuwa anarudi shambani anaimba. Hata mama mkwe alilainika, akawa ananichagulia vipande vizuri vya muhogo.

Basi wakati huo huo watoto wa shule wakaanza kuota vipele. Vidogo, vyekundu, usoni kwanza kisha mwili mzima. Havikuwa vikali. Mtoto anapata homa kidogo, siku ya tatu vimepotea, anarudi kucheza. Watu wakasema ni surua nyepesi, wakaacha. Mama mkwe ndiye peke yake aliyesema mwenye mimba asikae karibu na watoto wenye vipele. Hakujua sababu, alisema tu kwamba hata bibi yake alikuwa anakataza. Athumani akamsikiliza mama yake. Akaniambia kisomo nisimamishe mpaka vipele viishe kijijini.

Wasomaji wenzangu, mama mkwe alikuwa sahihi! Lakini nani angeniambia nikasikia, nikiwa na miaka kumi na tisa? Tulikuwa tumefika mahali ambapo nilianza kuunganisha maneno, nikaona nitaachwa nyuma. Nikawa nawaambia nyumbani nakwenda kwa Mwajabu kumsaidia kutwanga, kumbe tunapita nyuma ya nyumba yake tunakwenda darasani. Mwajabu hakupenda uongo huo. Aliniambia mara mbili nimwambie mume wangu ukweli. Nikamsihi, akanionea huruma, akanitunzia siri.

Darasani wanawake walikuja na watoto mgongoni. Wengine walikuwa na vipele na makamasi. Mmoja nilimpakata mwenyewe mama yake alipokuwa anaandika ubaoni. Nakumbuka alinipigia chafya usoni, sote tukacheka.

Baada ya majuma mawili hivi, niliamka na homa ndogo. Nyuma ya masikio pakavimba tezi, vidole vikawa vinauma kwenye viungo kama nimeshika jembe siku nzima. Kesho yake vipele vikatoka usoni. Mimba ilikuwa ya miezi miwili.

Athumani alikuwa amekwenda na wenzake kufyeka shamba jipya la kijiji, analala huko huko. Mwajabu alichemsha majani ya mwarobaini, akaniogesha uani kwangu asubuhi na jioni, kwa mikono yake. Mama mkwe alituona. Alisimama mlangoni akatazama yale maji ya kijani yanavyotiririka mgongoni kwangu, akaingia ndani.

Siku ya tatu vipele vikaisha. Siku ya tano nilikuwa shambani. Nikasahau kabisa! Ugonjwa wa siku tatu, hata uji sikuacha kunywa. Nani angeuweka moyoni?

Mtoto alizaliwa mwezi wa mavuno. Wa kike, mdogo sana, anaenea viganjani. Tukamwita Zuhura. Mwajabu ndiye aliyeshika mkono wangu wakati wa uchungu, ndiye aliyempokea mtoto, ndiye aliyenipikia uji wa uzazi.

Siku arobaini hazijaisha nikaanza kuona mambo. Mboni za macho ya Zuhura hazikuwa nyeusi. Katikati palikuwa na weupe, kama tone la maziwa limedondokea ndani. Mchi ukianguka, watoto wote wa jirani wanashtuka, yeye katulia. Nilipiga sufuria karibu na sikio lake... hakupepesa. Na kila akinyonya alihema kama mtu aliyepanda mlima, midomo inakuwa na rangi ya zambarau.

Nilimfunika kwa kanga asionwe na watu. Lakini mtoto utamfunika mpaka lini?

Mama mkwe alimchukua siku moja akampeleka kwenye mwanga, akamgeuza geuza. Akasema kwenye ukoo wao hajawahi kuzaliwa mtu wa namna ile. Akasema alishuhudia kwa macho yake mwenye mimba akiogeshwa maji ya kijani na mjane wa watu wa milimani, mjane asiye na mtoto wa kiume. Jioni hiyo hiyo maneno yale yalikuwa yameshafika mwisho wa mstari wa nyumba. Akaitwa mganga, naye akasema kuna mkono wa mtu wa karibu.

Nilimwambia mama mkwe Mwajabu ni mtu mwema. Nilisema mara moja, kwa sauti ndogo. Nikanyamazishwa, nikanyamaza.

Mhudumu wa zahanati ndiye aliyenipa barua nimpeleke mtoto Korogwe hospitali. Athumani hakutaka kwenda. Alikuwa ameshaanza kuniangalia vingine, kama mtu aliyenunua kitu akakuta ndani kimeoza. Mwajabu alinisindikiza mpaka barabarani, akanifungia viazi vya kuchemsha, akasimama pale mpaka lori la mahindi lilipotuchukua mimi na mtoto.

Kule Korogwe nilimkuta daktari wa makamo, mtaratibu. Alimmulika Zuhura machoni, akamsikiliza kifua kwa muda mrefu, akapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Kisha akaweka kila kitu mezani, akaniuliza kama katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba niliwahi kupata homa na vipele. Nikamwambia ndiyo, vya siku tatu tu, vikaisha.

"Viliisha kwako, mama," alisema. "Kwa mtoto ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kazi."

Akanieleza polepole, kwa maneno ninayoyaelewa. Ugonjwa ule unaitwa rubela. Unapita kwa hewa, mtu akikohoa au akipiga chafya. Kwa mtoto au mtu mzima ni ugonjwa mdogo, lakini ukimpata mwenye mimba changa, unamwingia mtoto tumboni wakati macho, masikio na moyo vinaumbwa. Akasema hakuna aliyeniloga na hakuna aliyenionea. Akasema nchi nyingine wameshapata chanjo yake, sisi bado haijatufikia.

Nilimwuliza kama kuogeshwa mwarobaini kungeweza kuleta yale. Akatikisa kichwa. Maji ya mwarobaini, alisema, hayakuleta kitu wala hayakuzuia kitu.

Nilitoka pale ukweli ninao! Nao ulikuwa rahisi, mtu yeyote angeuelewa. Njia nzima kwenye lori nilikuwa napanga maneno. Nitamwita Athumani, nitamwita mama, nitawaambia kila kitu, Mwajabu atakuwa huru.

Lakini kuwaambia kila kitu ilikuwa ni kusema pia kwamba nilikatazwa nikaenda. Kwamba majuma yale yote niliyosema natwanga, nilikuwa darasani napakata watoto wenye vipele. Na kwamba macho ya mtoto wetu yameharibika kwa sababu yangu.

Nilipofika nyumbani, kabla sijamteremsha mtoto mgongoni, Athumani aliniambia mambo mawili. La kwanza, kikao kimeitishwa Ijumaa baada ya sala. La pili, kama haikuwa mkono wa mtu, basi ni tumbo langu, na yeye hatakaa na mke mwenye tumbo la namna hiyo. Kisha akaniuliza daktari amesema nini.

Nikasema daktari hajaona kitu.

Maneno matatu! Nayo nimeyabeba tangu siku ile mpaka leo...

Kikao kilikuwa kwa balozi wetu wa nyumba kumi, kibarazani. Balozi alijua serikali haitaki kesi za uchawi, kwa hiyo akakiita kikao cha usuluhishi cha majirani. Watu walijaa. Mwajabu alikaa kwenye mkeka peke yake, binti zake wawili wamejibanza ukutani. Nilikaa upande wa pili, Zuhura mapajani, mama mkwe ubavuni.

Mama mkwe alieleza aliyoyaona. Shemeji yake Mwajabu, yaani mdogo wa marehemu mumewe, akaongeza kwamba hata kaka yake alikufa ghafla. Kila mtu alijua kuwa huyo shemeji alikuwa anakitaka kile kiwanja. Hakuna aliyelisema. Kisha balozi akanigeukia mimi.

"Ni kweli huyu alikuogesha maji ya dawa ulipokuwa na mimba?"

Nikajibu, "Ndiyo."

Akaniuliza vipele vile nilivipata wapi. Nilimwona Athumani ananitazama. Nikainamisha kichwa, nikasema sijui.

Balozi akamwambia Mwajabu aseme la kwake. Mwajabu hakumtazama balozi. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu sana, hata watu wakaanza kunong'ona. Alikuwa na neno la kujiokoa mdomoni. Angesema tu, huyu tulikuwa tunakwenda naye kisomoni kwa siri, alivipata huko! Sijui yeye alijua nini kuhusu ugonjwa, lakini siri yangu aliijua yote, na kwa kuitoa angenitupa mimi shimoni naye akapanda juu.

"Nilimwogesha kwa sababu alikuwa mgonjwa," alisema. "Sina lingine."

Wakaamua aondoke kijijini kwa muda, mambo yapoe. Kila mtu alijua muda huo hauna mwisho.

Aliondoka asubuhi yake. Nilisikia hatua zao zikija, yeye na binti zake, zikasimama mlangoni kwangu. Nilikuwa ndani, nimeegemea mlango kwa mgongo.

"Hadija, nakwenda," alisema.

Alingoja. Mimi niliziba mdomo kwa kanga, nisije nikajibu. Kisha hatua zikaendelea.

Je, mnafikiri nilipata nilichokitafuta kwa kunyamaza kule? Subirini.

Baada ya Mwajabu kuondoka hakuna mwanamke aliyevuka njia kuja kwangu. Waliogopa mtoto. Wenye mimba walikuwa wakituona wanabadilisha njia. Shamba la kijiji nilipewa mstari wangu pembeni, nalima mwenyewe, nakula mwenyewe. Kiwanja cha Mwajabu shemeji yake alihamia kabla ya mvua. Mchi wa pale ukawa unapigwa na mke wa mtu mwingine, na mimi nikiusikia nilikuwa naondoka uani naingia ndani.

Zuhura hakupona, maana hakukuwa na uchawi wa kuondoka. Mama mkwe akasema mchawi amekwenda lakini kazi yake imebaki, na aliyebaki nayo ni mimi. Mwaka wa pili Athumani akaoa mke mwingine. Akazaa watoto wawili wa kiume, wazima, wenye sauti zao. Mwaka wa nne akanipa talaka. Alinipa kwa upole, kama alivyokuwa mpole siku zote, akaniachia kibanda nyuma ya shule kwa sababu ya mtoto.

Mimi na Zuhura tukabaki wawili. Mwanangu hakuwahi kuisikia sauti yangu. Hakujua kama ana jina. Tulizungumza kwa kugusana. Nikimgusa shavu ni chakula, nikimgusa goti ni kutoka nje, nikimkumbatia na kumtikisa taratibu ni kulala. Siku nyingine niliongea naye saa nzima, namhadithia kwetu Mazingara, dada zangu, mama yangu... Anatabasamu kwa kuwa amehisi kifua changu kinatetemeka. Basi hiyo ndiyo ilikuwa baraza yangu.

Alipofika miaka sita walimpasua jicho moja kuondoa ule weupe, katika hospitali kubwa tuliyopelekwa kutoka Korogwe. Walipomfungua kitambaa alinitazama. Akanyoosha mkono akanipapasa usoni, pua, mdomo, macho, kama anahesabu. Kisha akageuka akatazama kitanda cha pili, ambako mtoto mwenzake alikuwa amezungukwa na mama, bibi, shangazi na majirani. Akanirudia mimi. Akatazama nyuma yangu, kama anauliza wengine wako wapi.

Pale ndipo nilipovunjika. Niliona kwamba yule ambaye angekuwa nyuma yangu, nilimfukuza mwenyewe.

Tuliporudi Korogwe sikushika njia ya Handeni. Nilipanda na mtoto mpaka Mpale. Nilimkuta Mwajabu kwa kaka yake, shambani, anapalilia maharage. Alikuwa amekonda. Alipotuona alisimamisha jembe, akanitazama, akamtazama mtoto. Nikamwamkia, "Shikamoo dada." Akaitikia. Akatupeleka nyumbani, akatupa maji, akampa Zuhura ndizi. Zuhura alimshika mkono akaunusa, akakaa miguuni kwake kama alimjua tangu zamani. Maana kweli alimjua, ni mikono iliyompokea.

Nikamwambia yote. Daktari, rubela, chafya ya yule mtoto darasani, lori, uongo wangu kwa Athumani. Nilimaliza nikiwa nimepiga magoti. Yeye alikuwa anamenya ndizi nyingine.

"Nilijua ni kule darasani," alisema. "Si kwa hospitali. Nilijua kwa sababu kwenye mstari wetu ni wewe peke yako uliyeota vipele, na wewe peke yako ulikuwa unakwenda kule wakati ule, ukiniondoa mimi niliyeugua utotoni."

Nikamwuliza kwa nini basi hakusema.

"Nilikuwa nakungoja wewe useme, mdogo wangu."

Nililia mpaka kaka yake akaja kuchungulia. Mwajabu hakulia. Aliniambia binti yake mkubwa aliposwa, na waposaji walipopata habari kwamba mama yake alifukuzwa Handeni kwa uchawi, waliondoka. Alisema hivyo bila ukali, kama mtu anayetoa habari za mvua. Kisha akanisimamisha.

"Kwa Mungu nimekusamehe, Hadija. Lakini mimi sikufukuzwa Mpale, nilifukuzwa kule. Yaseme kule."

Tulilala pale, na asubuhi akatusindikiza. Hakusema karibu tena, na mimi sikuuliza.

Nikaenda kuyasema. Ulikuwa mkutano wa kijiji, watu wanazungumzia mbegu na ghala. Yule balozi wa zamani alikuwa ameshafariki. Niliomba ruhusa, nikasimama, Zuhura ameshika kanga yangu. Nikaeleza kwamba Mwajabu hakuniloga. Ni ugonjwa wa vipele, niliupata kisomoni nilikokatazwa kwenda, daktari aliniambia kabla ya kikao, nami nikanyamaza.

Nilidhani mbingu itashuka. Haikushuka! Watu walitazamana. Wengine hawakumkumbuka Mwajabu ni nani. Shemeji yake alitazama chini, nyumba yake mpya ya bati ilikuwa imesimama pale pale. Mama mkwe, sasa mzee, alimwambia jirani yake kwa sauti ya kusikika kwamba upweke umeniharibu akili. Na Athumani, ambaye nilimwogopa miaka yote ile, alisimama akasema jambo moja tu.

"Kumbe ulinidanganya."

Akakaa. Mwenyekiti akashukuru, akarudi kwenye habari za mbegu.

Hakuna aliyesema twende tukamwombe radhi. Hakuna aliyesema arudishiwe kiwanja chake. Nilituma salamu Mpale kwa dereva, aseme nimeyatimiza. Jibu halikuja. Mwajabu sikumwona tena mpaka nilipopata habari, miaka mingi baadaye, kwamba amefariki huko huko kwao.

Zuhura moyo wake ulichoka akiwa na miaka kumi na miwili. Alikuwa amekaa mlangoni anaota jua la asubuhi. Alipotaka kusimama alinigusa goti, kwamba anataka kutoka nje... akaniegemea, basi. Walikuja watu wachache. Sikuwalaumu.

Tangu hapo naishi mwenyewe. Kusoma na kuandika ninajua, ndicho kitu pekee nilichokipata kisomoni, na ndiyo maana mmesoma haya.

Sasa nisikilizeni jambo lililonifanya nishike kalamu. Ile chanjo daktari aliyosema haijatufikia, ilifika! Nilikuwa tayari mzee. Nilisikia tangazo la chanjo ya surua na rubela, na jina lile nilikuwa sijalisikia tangu siku ile Korogwe. Nikavaa, nikaenda kituo cha afya, nikakaa kwenye benchi katikati ya akina mama na watoto wao. Sindano moja tu, mtoto analia kidogo, ananyonya, ananyamaza. Foleni iliposogea nesi akaniuliza, "Bibi, mjukuu wako yuko wapi?"

Nikamwambia sina. Nimekuja kutazama.

Aliniachia nikae mpaka mwisho. Na mimi nilihesabu kila mkono uliochomwa, nikisema moyoni, huyu hatamwambukiza mtu, na huyu hatamwambukiza mtu...

Basi nawaomba, wasomaji wenzangu. Mpelekeni mtoto akitimiza miezi tisa, mrudisheni akifika mwaka na nusu. Wa kike na wa kiume, wote, kwa sababu chafya iliyoharibu maisha yangu haikuuliza ni ya nani. Binti ambaye bado hajashika mimba aulize kituo cha afya kama aliwahi kuchanjwa, na apate maelekezo kabla ya kubeba. Ukishakuwa na mimba chanjo hii hupewi, hivyo kaa mbali na mwenye homa na vipele, na ukiugua, hata iwe siku moja, nenda kaseme kliniki. Usiuone ni ugonjwa mdogo. Wangu ulikuwa mdogo.

Na anayekuambia kwamba chanjo hizi zina mambo ndani yake, mlete kwangu Handeni. Nitamkaribisha kwenye kile chumba kisicho na mtu, nimweleze Zuhura alikuwa nani.

La mwisho ni kwako wewe unayejua jambo ambalo lingemwokoa mwenzio, nawe unaogopa mume, unaogopa mama mkwe, unaogopa watu. Liseme leo hii. Mimi nililisema baada ya miaka sita, mkutano mzima ukanisikia, na aliyekuwa analisubiri hakuwapo.